Kufunga Matairi Makubwa Zaidi kwenye Gari la Porini: Hatua kwa Hatua

Kila anayeanza huuliza swali lilelile: "Je, tairi la kipimo hiki litaingia kwenye gari langu?" Jibu analopewa kwa kawaida ni kwamba fulani amelifunga na halikugusa popote, na jibu hilo huenda likawa kweli kabisa kwa gari lililosimama kwenye sakafu tambarare huku usukani ukiwa umenyooka. Hata hivyo, gari la porini halinunuliwi ili lisimame sakafuni. Tairi lililoonekana kuwa na nafasi ya kutosha gereji linaweza kukata plastiki za ndani ya madigadi siku ya kwanza gurudumu la mbele linapopanda jiwe huku usukani umekatwa hadi mwisho. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: nafasi ya tairi hupimwa sasipensheni ikiwa imebanwa hadi mwisho na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, pande zote mbili, na fedha hutolewa baada ya kipimo hicho.

Maelezo yanamhusu mtu anayetaka kuongeza kipenyo cha tairi kwa inchi 1 au 2 hivi. Ongezeko kubwa kuliko hilo huleta kazi ya kukata bodi na kubadilisha gia za difu (kisanduku cha gia katikati ya ekseli kinachogawa nguvu kwa magurudumu), nayo nitaigusa kwa kifupi tu.

Kwanza, soma namba

Chukua tairi la 265/70R17. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita; 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo; R huonyesha kwamba tairi ni la radial; na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wake ni 265 × 0.70, yaani milimita 185.5. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Ukijumlisha rimu na mbavu mbili unapata kipenyo cha takribani milimita 803. Tairi la 285/70R17 kwa hesabu hiyohiyo lina kipenyo cha takribani milimita 831. Tofauti ni milimita 28, lakini gari litainuka milimita 14 tu, kwa sababu nusu ya pili ya ongezeko iko juu ya ekseli, na hiyo ndiyo inayokwenda kutafuta madigadi. Wengi hushangaa wanapogundua kwamba matairi ya gharama kubwa yamewaongezea sentimita moja na kitu chini ya difu.

Matairi yenye maandishi kama 33x12.50R15 husomwa kwa urahisi zaidi: kipenyo ni inchi 33, upana ni inchi 12.5 na rimu ni ya inchi 15. Kumbuka tu kwamba namba hizi zote ni za majina. Matairi mawili yenye kipimo kilekile kutoka kwa watengenezaji tofauti yanaweza kupishana kwa milimita kadhaa, hasa yale yenye kashata (meno ya mpira yanayoshika ardhi) kubwa zinazopanda hadi mabegani, kwa hiyo ikiwezekana pima tairi lenyewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jeki inayomudu uzito wa gari lako, stendi mbili za jeki na vizuizi vya magurudumu.
- Spana ya magurudumu na spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza nati).
- Utepe wa kupimia, chaki, na vipande viwili vya ubao ambavyo utavikata kwa unene maalumu (angalia hatua ya 3).
- Njia ya kupandishia gurudumu moja: mbao nene zilizofungwa pamoja, tuta imara la udongo, au rampu.
- Brashi ya waya, kipima presha ya upepo na pampu.
- Kitabu cha gari. Torki ya nati, presha na sehemu za kuweka jeki zimo humo, wala usikubali kuzikisia.

Soma pia masharti ya bima yako na sheria za usafiri za mahali unapoendesha, kwa kuwa zipo nchi zinazoweka kikomo cha ongezeko la kipenyo au zinazodai gari likaguliwe upya.

Hatua ya 1: Andika mahitaji ya gari lako

Kwenye mlango wa dereva au ndani ya kitabu kuna kipimo cha tairi la kiwandani na presha yake. Andika pia namba na herufi zinazofuata kipimo hicho, kwa mfano 112S. Namba 112 ni daraja la mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1120; daraja la 116 ni kilo 1250, na la 121 ni kilo 1450. Herufi ni ya kasi: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, na T ni 190. Tairi jipya lisiwe na daraja la mzigo lililo chini ya lile la kiwandani, hata likiwa kubwa na la kutisha kwa macho.

Angalia na umri wake. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT (namba ya utambulisho wa tairi) ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa stoo miaka mingi linaweza kuwa na kashata nzima na mpira uliochoka.

Hatua ya 2: Hakikisha rimu inafaa

Mambo manne huangaliwa hapa. La kwanza ni upana wa rimu, kwa kuwa kila tairi lina upana wa rimu unaoruhusiwa na mtengenezaji wake. Tairi pana kwenye rimu nyembamba huvimba katikati na kuisha vibaya. La pili ni idadi ya stadi, yaani bolti zinazoshika rimu, na kipenyo cha duara lake. La tatu ni tundu la katikati, ambalo likiwa dogo kuliko habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) rimu haitakaa, na likiwa kubwa huenda rimu isikae katikati sawasawa.

La nne, ambalo ndilo huwaponza wengi, ni ofseti, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaogusa habu na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Ukitoka kwenye ofseti ya 30 kwenda 0 bila kubadilisha upana wa rimu, gurudumu zima linatoka nje milimita 30. Watu hufanya hivyo ili tairi lisiguse mkono wa sasipensheni kwa ndani, na kweli halitagusa. Lakini gurudumu lililotoka nje huchora tao kubwa zaidi usukani unapokatwa, kisha likaanza kugonga bampa kwa mbele na bodi kwa nyuma. Aidha, beringi za habu hubeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Chagua ofseti ndogo kwa kiasi kinachohitajika tu.

Onyo: Usijaribu kamwe kufunga tairi la inchi 16 kwenye rimu ya inchi 16.5, ambayo bado hupatikana kwenye malori madogo ya zamani ya Marekani. Vipimo hivyo vinaonekana kukaribiana, lakini ukingo wa tairi unaokaa kwenye rimu unaweza kukatika wakati wa kujaza upepo na kumuua fundi.

Hatua ya 3: Pima nafasi kabla ya kununua

Usiiharakishe hatua hii.

Kata kipande kimoja cha ubao chenye unene sawa na ongezeko la nusu kipenyo, na kingine chenye unene sawa na ongezeko la upana kwa upande mmoja. Katika mfano wetu wa kutoka 265 hadi 285, cha kwanza ni milimita 14 na cha pili ni milimita 10. Kama unapunguza ofseti, tofauti yake ijumlishwe kwa upande wa nje na kutolewa kwa upande wa ndani. Mimi huongeza milimita 10 nyingine kwenye kila kipande, kwa sababu tairi hujipinda, bushi za mpira kwenye maungio ya sasipensheni huchezacheza, na matope yanayoganda ndani ya madigadi nayo hutaka nafasi.

Gari likiwa bado na matairi yake ya zamani, pandisha gurudumu moja la mbele polepole juu ya mbao au rampu mpaka sasipensheni ya upande huo ijikunje hadi kwenye raba zinazozuia ekseli au mkono wa sasipensheni usigonge chesi. Mtu abaki kwenye usukani akiwa ameshika breki, na magurudumu mengine yawekewe vizuizi. Pitisha vipande vyako kati ya tairi na kila kitu kilicho karibu nalo: plastiki ya ndani ya madigadi, kona ya nyuma ya bampa, raba za kuzuia matope, mkono wa juu wa sasipensheni, stebilaiza, mpira wa breki, na ile sehemu ya chesi nyuma ya gurudumu la mbele ambapo bodi imefungwa. Kisha kata usukani hadi mwisho upande mmoja, pima tena, na urudie upande wa pili. Shuka, fanya vivyo hivyo kwa gurudumu la pili la mbele, halafu la nyuma, ambako kazi ni nyepesi kwa kuwa magurudumu hayakatwi. Andika kila mahali ambapo kipande kimekataa kupita.

Hapa ndipo huibuka hoja ya kuinua gari. Springi ndefu huinua gari linaposimama, lakini haziondoi mgongano, kwa sababu ekseli bado hupanda hadi kwenye raba zilezile sasipensheni inapobanwa kabisa. Tairi ambalo lingegusa kabla ya kuinua litagusa pia baada ya kuinua, ila mara chache zaidi na kwa kishindo. Atakayeweka springi ndefu arefushe pia raba hizo ikiwa kipimo kimeonyesha hivyo. Kwa magari yenye sasipensheni huru ya mbele (kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake), kuinua zaidi ya milimita 50 hivi huzipa jointi za shafti za mbele pembe kali, na jointi hizo huisha mapema.

Hatua ya 4: Tatua sehemu zilizokataa

Anza na marekebisho mepesi. Plastiki za ndani huweza kusogezwa kwa kuzipasha joto taratibu au kukatwa ukingo, na raba za kuzuia matope huweza kuhamishwa. Ikiwa tairi linagusa mkono wa ekseli usukani ukiwa mwishoni tu, magari mengi yenye ekseli nzima (moja inayounganisha magurudumu mawili) yana bolti za kuwekea kikomo cha usukani. Kuzitoa nje kidogo huondoa mguso, na gharama yake ni kwamba gari litahitaji nafasi pana zaidi ya kugeuka. Ikiwa linagusa sehemu ya nyuma ya nafasi yake, kuongeza pembe ya kasta (mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa ubavuni) wakati wa alaimenti huvuta gurudumu mbele milimita chache, na mara nyingi hizo hutosha.

Kukata sehemu ya chesi inayoshikilia bodi ni kazi ya fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi, ambaye baada ya kukata ataziba pengo kwa bamba la chuma. Kama kipimo chako kinadai hilo, fikiria tena kama tairi lililo dogo kwa ngazi moja halikutoshi.

Hatua ya 5: Matairi yavalishwe kwenye rimu

Kazi hii iachie duka lenye mashine. Dai valvu mpya na balansi ya kila gurudumu, na kama tairi lina mshale wa mwelekeo, hakikisha limevalishwa upande wake. Kingo zipakwe kilainishi cha matairi, na presha ya kuzikalisha isizidi psi 40 (pauni kwa inchi ya mraba). Zikikataa, upepo utolewe na kazi ianze upya. Mjazaji akae kando akitumia mpira mrefu wa upepo wenye kishikio kinachojibana chenyewe. Ule mtindo wa kupulizia gesi inayowaka na kuwasha moto ili tairi lijikalishe unapendeza kwenye video, lakini umewajeruhi watu.

Hatua ya 6: Inua gari na ubadilishe

1. Egesha mahali pagumu na tambarare, vuta breki ya mkono na weka vizuizi pande zote mbili za magurudumu yanayobaki chini. Kwenye Land Rover Defender za zamani na magari mengine ambayo breki ya mkono hushika shafti badala ya magurudumu, gari linaweza kusogea mara gurudumu moja linapoinuliwa, kwa hiyo vizuizi si pambo.
2. Legeza nati robo mzunguko kabla ya kuinua.
3. Inua, weka stendi, kisha lishushe gari juu ya stendi. Usiingize mguu wala kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.
4. Ondoa gurudumu na usugue uso wa habu kwa brashi ya waya. Kutu iliyobaki hapo huzuia rimu kukaa sawa, kisha nati hulegea zenyewe.
5. Hakikisha nati zinalingana na rimu. Nati za koni na zile zenye washa bapa hazibadilishani, na rimu za aloi mara nyingi hutaka nati tofauti na rimu za chuma.
6. Panga gurudumu jipya na anza kufunga kila nati kwa vidole. Nati inayogoma mwanzoni imekaa mshazari. Itoe na uanze tena.
7. Kaza kwa mpangilio wa nyota, shusha gari, kisha malizia kwa spana ya torki kwa kiwango cha kitabu. Usimalizie kwa mashine ya upepo, na usipake grisi kwenye stadi, kwani grisi huifanya torki ileile ivute stadi kupita kiasi.

Hatua ya 7: Rudia kipimo cha rampu

Sasa rudia hatua ya 3 ukiwa na matairi mapya. Paka chaki sehemu zote zilizokuwa na nafasi finyu, endesha polepole ukiwa umekata usukani hadi mwisho, mbele na nyuma, kisha tazama chaki ilipofutika. Kurudi nyuma ni muhimu, kwa sababu bushi za mpira hujisukuma kinyume na gurudumu huhama kidogo. Angalia pia kama mpira wa breki unavutika gurudumu linaponing'inia.

Hatua ya 8: Weka presha sahihi

Presha iliyoandikwa mlangoni ilikusudiwa tairi la kiwandani. Iliyoandikwa ubavuni mwa tairi jipya ni kikomo, wala si pendekezo. Anza na ya mlangoni; kama umehamia kwenye tairi la aina ya LT (la malori madogo), ongeza kidogo, kwani aina hiyo kwa kawaida hudai presha zaidi ili kubeba mzigo uleule. Gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, chora mstari wa chaki kukatisha kashata, endesha mita mia chache kwenye barabara iliyonyooka, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, umepungua.

Hatua ya 9: Kaza tena, alaimenti na kipima mwendo

Kaza nati upya kwa torki baada ya kilomita 50 hadi 100. Fanya alaimenti ikiwa umegusa chochote cha sasipensheni. Kwa mfano wetu, mzunguko wa tairi umeongezeka kwa takribani asilimia 3.5, kwa hiyo kipima mwendo kilichokuwa sahihi kitasoma 100 wakati gari linakwenda kilomita 103.5 kwa saa. Linganisha na GPS, kwa kuwa vipima mwendo vingi husoma juu kidogo tangu kiwandani. Breki nazo zitafanya kazi kubwa zaidi, hivyo ongeza umbali kati yako na gari la mbele.

Makosa yanayojirudia

Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha matairi mawili tu. Matairi yenye vipenyo tofauti mbele na nyuma huzifanya shafti zishindane mara gari linapovuta kwa magurudumu yote, na anayeumia ni gia ya kugawa nguvu. Nunua matano yanayofanana, na kabla ya kulipa jaribu kama la akiba litaingia mahali pake chini ya gari au mlangoni. La pili ni spesa (vipande vya chuma vinavyosogeza gurudumu nje) za bei nafuu zisizokaa juu ya habu, zinazoacha stadi zibebe kila kitu. La tatu huwapata wanaopanda inchi nyingi kwa mkupuo: kutoka inchi 31 hadi 35, gia zote hurefuka kwa karibu asilimia 13. Ili kurudisha nguvu, uwiano wa difu wa 3.73 ungehitaji kuwa karibu 4.21, yaani 4.10 au 4.30 kwa gia zinazopatikana, na difu zote mbili lazima zibadilishwe pamoja.

Mambo yakienda mrama

*Usukani unatetemeka katika kasi fulani tu.* Ondoa matope yaliyoganda ndani ya rimu kabla ya kumlaumu mtu. Kisha rudia balansi, na hakikisha rimu imekaa sawa kwenye habu.

*Ekseli nzima ya mbele inatikisika kwa nguvu baada ya kupita shimo.* Punguza mwendo taratibu na usimame. Kagua tairodi, boljointi, beringi na fimbo inayoshikilia ekseli isiende pembeni. Kufunga shokapu mpya ya usukani huficha ugonjwa bila kuutibu.

*Gari linavuta upande mmoja.* Badilishana magurudumu ya mbele, la kulia liende kushoto, isipokuwa kama matairi yana mshale. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi. Ukibaki palepale, tafuta alaimenti au breki inayoshika.

*Gari ni gumu na linarukaruka linapokata kona kwenye lami.* Umeacha uvutaji wa magurudumu yote, au kifungo cha difu ya katikati, kwenye barabara kavu. Ondoa, kisha linganisha vipenyo na presha za matairi yote.

*Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga wakati wa breki) imewaka.* Waya wa kihisi umekwaruzwa na tairi au umevutika, au magurudumu hayalingani kipenyo.

*Gia za otomatiki zinapanda na kushuka mlimani.* Zima gia ya juu kabisa unapopanda au unapobeba mzigo. Hali ikiendelea hata bila mzigo, rudi kwenye hesabu ya difu.

*Mafuta yanaonekana kuisha haraka mno.* Ongezeko fulani ni la kweli, kwa kuwa matairi ni mazito na yana kashata nene. Lakini odomita nayo sasa inahesabu pungufu. Zidisha kilomita zilizosomwa kwa 1.035 kabla ya kugawa kwa lita, na gari lililoonekana kwenda kilomita 9 kwa lita litakuwa linakwenda 9.3.